Kumtaja Jirani Mbele ya Polisi

Liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini katika mitaa mingi ya nchi yetu, wala ni mara chache lijibiwe hadharani. Mtu akimjua mwizi, au akimjua mwenye kuficha silaha nyumbani mwake, na mwovu huyo ni jirani yake, ambaye huchota naye maji katika bomba moja na kuzikana naye nyakati za msiba, je, yampasa kwenda kulitaja jina lake kwa polisi? Akienda, ametenda haki, ama amemsaliti mwenziwe? Na akinyamaza, amelinda ujirani, ama amejifanya mshirika wa uovu?

Tunaliuliza swali hili tukiikumbuka Mkolani. Kata hiyo iko upande wa kusini wa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga, baina ya Nyegezi na Buhongwa, mahali ambapo nyumba zimepanda vilimani katikati ya majabali kwa kufuata nafasi iliyobaki. Usiku wa tarehe 18 Mei 2016, saa ya sala ya Isha, watu wenye mapanga waliingia katika Msikiti wa Rahman, mtaani Ibanda Relini, wakawaua watu watatu, imamu akiwa mmoja wao. Waliouawa walikuwa ndugu zetu Waislamu katika ibada yao. Lakini hofu iliyoshuka juu ya kata ile haikumwuliza mtu dini yake kabla ya kumwingia nyumbani.

Baada ya msiba wa namna hii, polisi huwaambia watu neno lile lile: tupeni taarifa. Hapana kosa katika ombi hilo. Askari hakai mtaani. Anayejua ni nani aliyepanga chumba juzi na halali usiku, anayejua pikipiki ya nani huja saa nane na kuondoka kabla ya alfajiri, ni mama auzaye dagaa barazani, ni fundi viatu, ni mtoto atumwaye dukani. Pasipo macho ya hao, askari ni kama mvuvi aingiaye ziwani gizani bila karabai.

Kwa sababu hiyo Jeshi la Polisi, tangu mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, lilianza kuhimiza mpango uitwao Polisi Jamii. Mikutano ikaitishwa mitaani, vikundi vya ulinzi shirikishi vikaundwa, maofisa wakaanza kufika shuleni na katika nyumba za ibada, na baadaye wakaguzi wakapangiwa kata, ili kila kata iwe na ofisa wake anayejulikana kwa sura na kwa jina. Tunayasifu haya yote. Askari aliyecheza mpira na vijana wa mtaa Jumamosi si rahisi awapige marungu Jumatatu, nao si rahisi wamkimbie. Hata hivyo, mpira na hotuba havilijibu swali letu.

Watu wa Usukuma walilijua swali hili kabla ya Polisi Jamii kuzaliwa, nao walilijua kwa uchungu. Mwaka 1976 ulifanyika msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa sababu ya mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Nia ya msako ilikuwa njema, maana wazee wale walikuwa wakiuawa kweli. Lakini watu wengi walikamatwa na kuteswa ili wataje majina, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowahoji. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, ijapokuwa yeye mwenyewe hakumpiga mtu. Wakuu wengine nao walijiuzulu, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani. Kitendo cha Mzee Mwinyi kimesifiwa mara nyingi, na kwa haki. Ila husahaulika upesi ya kuwa nyuma ya kujiuzulu kwake walikuwako wakulima wasiojulikana, waliojifunza mle mahabusu ya kuwa jina la jirani ni kitu ambacho serikali yaweza kumkamua mtu kwa kipigo.

Basi, je, ni ajabu kwamba miaka michache baadaye watu wale wale waliamua kujilinda wenyewe? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bunduki zilikuwa zimetapakaa, wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi, na mwizi aliyepelekwa kituoni alirudi kijijini kabla ya waliomkamata. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, pande za Kahama na Shinyanga, likatokea jeshi la jadi la Sungusungu, lenye jina la wale sisimizi weusi waumao. Lilikuwa na ntemi wake, na pinde na mishale, na filimbi. Yowe la mwano likipigwa, kila mwanamume sharti atoke. Likaenea hima. Mwalimu Nyerere alilitetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kulipa uwezo wa kukamata.

Sungusungu waliliondoa swali letu kwa njia moja nyepesi: kumtaja mwovu hakukuwa tena shauri la mtu mmoja mwenye hofu, kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Hilo lilikuwa jema, nao wizi wa ng'ombe ulipungua. Lakini kijiji kizima chaweza kukosea kwa pamoja. Miongoni mwa waliotajwa siku za kwanza walikuwamo wanawake walioitwa wachawi, na mwanamke aitwaye mchawi hana ushahidi wa kuleta wala hakimu wa kumkimbilia, maana walinzi wake ndio waliomtaja.

Shida hiyo hiyo ilirudi kwa sura nyingine Machi 2009. Wenzetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, nchi ikaona haya mbele ya ulimwengu. Serikali ikawaita wananchi waandike kwa siri majina ya wale waliowadhania kuwa wauaji, na kuitumbukiza karatasi sandukuni. Tunaielewa nia ya sanduku lile. Lilimlinda mwenye kutaja, kwa kuwa hakuandika jina lake mwenyewe. Lakini aliyetajwa alilindwa na nani? Mtu aliyeandikwa na watu arobaini yawezekana ni mwuaji. Yawezekana pia ni mkopeshaji mkali, au mgeni asiyepata rafiki, au mwenye shamba zuri lenye kutamaniwa. Chuki ya watu arobaini haigeuki ushahidi kwa kuwa imehesabiwa. Karatasi ile yaweza kumwonyesha mpelelezi mahali pa kuanzia kazi yake. Ikimfanya aone kazi imekwisha, dhuluma imeanza.

Kwa hiyo twapambanua. Kusema ulichokiona ni jambo moja. Kusema unachokidhania ni jambo jingine. Na kusema unachokitamani ni jambo la tatu, nalo ndilo lile lililokatazwa katika amri ya nane. Aendaye kituoni aseme: nilimwona fulani, saa fulani, amebeba kitu fulani. Asiseme: fulani ni jambazi. Neno la pili si lake kulitamka, ni la hakimu. Twajua wengi watatuona wagumu hapa, maana mwenye hasira hapendi kupima maneno. Lakini aliyeibiwa mara tatu ndiye mwepesi kuliko wote wa kumtaja asiye mwizi.

Na je, ni usaliti? Twasema hapana. Msaliti ni yule aliyeaminiwa kwa siri, naye akaitoa siri hiyo kwa adui ili apate faida. Mwenye kuficha bunduki nyuma ya ukuta wetu hakutuamini hata kidogo. Ameitegemea hofu yetu, na hofu si agano. Ujirani haukuwekwa ili umfunike auaye jirani mwingine. Bibi kizee aliyeuawa kwa sababu macho yake ni mekundu, kwa moshi wa kuni alizopikia miaka hamsini, naye alikuwa jirani, naye alichota maji katika bomba lile lile. Anayenyamaza ili kumhifadhi mmoja amekwisha kuchagua ni nani asiyemhifadhi.

Hata hapa, tumeusema wajibu wa raia tu. Uko wajibu wa pili, nao umenenwa kidogo mno katika mikutano ya Polisi Jamii. Neno la mtu aliyekuja kutaja ni amana. Amelileta akiwa ameshika maisha yake mkononi, na maisha ya watoto wake. Sasa litazameni jinsi linavyopokewa katika vituo vingi. Mtu hufika kaunta, na kaunta ni mahali pa wazi: huyu anatafuta namba ya RB ya simu iliyopotea, yule amekuja kumwekea ndugu yake dhamana, wa tatu ameketi tu bencini akisikiliza. Naye huulizwa kwa sauti kuu, "Haya, sema, nani kafanya nini?" Na mara nyingi hudaiwa fedha ya mafuta ya gari. Katika mikoa mingi husikika lalamiko lile lile: nilisema asubuhi, na jioni mwenye kusemwa akajua kuwa ni mimi. Tume ya Warioba ilipochunguza rushwa nchini mwaka 1996, polisi hawakutoka wakisifiwa. Askari anayemwuza mleta habari kwa fedha ya chakula cha mchana hakuuza habari, ameuza mtu.

Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ni sheria njema. Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, baada ya kuchunguza taasisi za haki jinai, ilipendekeza jeshi hilo lifumwe upya na kuwa huduma ya polisi. Nalo ni pendekezo jema, kwa maana neno "jeshi" hutukumbusha vita, na raia si adui. Lakini jina hubadilishwa kwa kibao kimoja mlangoni. Sauti ya askari wa kaunta haibadiliki hivyo. Wala hatuwezi kunena habari za imani baina ya raia na polisi kana kwamba hatukuiona Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu na siku zilizofuata, ambapo wananchi waliuawa kwa risasi, hata serikali yenyewe ikaunda tume ya kuchunguza mwezi Novemba. Mama aliyemzika kijana wake siku zile, ukimwita katika mkutano wa Polisi Jamii umwambie polisi ni rafiki, usishangae akikutazama tu.

Je, hayo yamwondolea raia wajibu wake? Yaupunguza, hayaufuti. Wajibu wa kusema si wajibu wa kujitoa auawe. Mjane akaaye ukuta kwa ukuta na jambazi, pasipo mlango wa chuma wala ndugu wa karibu, halazimiki kwenda kaunta mchana kweupe. Aweza kumwendea mkaguzi wa kata peke yake, au mkuu wa kituo, au kumpa habari mtu mzima mwenye kuaminika, mzee wa mtaa, padre, imamu, aifikishe pasipo kulitaja jina lake. Asiyeweza hata hilo leo, hatutamhukumu. Bali twamhukumu mkuu wa kituo ambaye hana hata chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, cha kumsikilizia mtu.

Limebaki swali zito kuliko yote, nalo wazazi watakuwa wameliwaza tangu mstari wa kwanza: na kama mwovu ni mwanangu? Hapo hatusemi kwa wepesi. Sheria ya damu ni ya zamani kuliko kituo chochote. Ila wazazi wa Mwanza na wa miji mingine wajua jinsi kijana aliyeshikwa usiku na kundi la watu anavyomalizwa kwa mawe na tairi la moto, kabla gari la polisi halijawashwa. Mama ajuaye ya kuwa mwanawe ameanza kutoka usiku na wenzake wenye mapanga, asingoje usiku huo. Ampeleke yeye mwenyewe, mchana, pamoja na wazee wawili wa mtaa wanaojulikana. Asiondoke kaunta mpaka jina la kijana limeandikwa kitabuni mbele ya macho yao, na namba imesomwa, na askari aliyeandika amejitaja. Na kesho yake asubuhi arudi na uji, akiwa na wazee wale wale, amwulize askari huyo kwa jina lake.