Ni Nani Ataingia Katika Nyumba Yenye Kunguni?

Masomo: Walawi 14:33-48, Ayubu 19:13-19 na 42:11



Neno la leo si neno la kupendeza. Wengine watacheka wakisoma kichwa chake, na wengine watajikuna. Lakini nimeomba juu yake majuma mengi, maana jambo hili linatenga ndugu na ndugu hapa Lubumbashi, tena ndani ya kanisa letu, na hakuna anayelisema mbele ya watu. Linasemwa pembeni. Siku moja ya nsinsani nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja akimwambia mwenzake: usikae karibu na yule, kwao kuna kunguni. Na yule aliyesemwa alikuwa amekwisha kusikia. Aliendelea kuimba, lakini wimbo ulikuwa mdomoni tu.

Sitamhukumu mama yule. Mimi nilifanya vibaya kuliko yeye, na nilimfanyia yaya yangu wa tumbo moja.

Yaya ni mjane. Anakaa Katuba na watoto wanne, anauza makala. Mwaka 2021, bwana yake alipokufa, tulilala kwake siku za matanga. Usiku wa pili niliamka ninawashwa shingoni na mikononi, alama zimejipanga mstari kama shanga. Nikarudi kwangu Kampemba, na Jumapili asubuhi bibi yangu akamkuta kunguni mmoja katika kola ya shati langu jeupe, lile ninalovaa kwa kuhudumu. Hakupiga kelele. Alichemsha nguo zote, akatoa kitanda nje, akaniambia: kule hatulali tena. Nikajibu: kweli.

Neno lile dogo lilikuwa na watoto. Kwanza hatukulala kwa yaya. Halafu hatukula kwake. Halafu hatukuingia. Nilikuwa ninapita mara moja kwa miezi miwili, ninasimama chini ya mwembe katika lupango lake, ninasema niko na haraka, ninaitwa kazini, mvua inakuja. Siku moja nilisema mvua inakuja, na tulikuwa mwezi wa saba! Kila mtu wa Katanga anajua mwezi wa saba hakuna hata wingu. Yaya alitazama juu, akanyamaza. Hata watoto wangu niliwafundisha uongo: shangazi akiwauliza kwa nini hamuji, semeni masomo ni mengi. Na mimi ni shemasi. Jumapili ninasimama mlangoni mwa hekalu na kuwakaribisha watu.

Kila nilipofika, yaya alinitolea kiti cha mbao, akakiweka nje, mbali na mlango, palipo na jua. Nilidhani ni heshima tu. Siku moja mtoto wake wa mwisho, wa miaka sita hivi, alikuja kuegemea goti langu, akaniambia kama mtu anayetoa habari njema: «Mjomba, mama anamwangiaka kiti yako maji ya moto asubui.»

Nilishika ubao chini ya kiti. Ulikuwa bado na unyevu.

Basi yaya alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba si kazi wala mvua. Hakunishitaki kwa mtu, hakunikasirikia. Alichukua makala ambayo angeyauza, akachemsha maji, akakiosha kiti cha mdogo wake ili akae bila hofu. Nami nilikuwa ninafika na uongo wangu mpya kila mara, kama mtu aliyeleta zawadi.

Mngefikiri siku ile niliingia ndani. Hapana. Niliaga, nikapanda basi.

Mwezi wa tatu mwaka 2023 shemasi mmoja wa kike aliniuliza, tukitoka katika maombi ya jioni: yaya yako anaendeleaje? Ndipo nikajua kwamba yaya alikuwa amelala na malaria siku ya nne. Nilikimbia Katuba chini ya mvua kubwa. Nilimkuta juu ya godoro, midomo imekauka. Nikamwuliza kwa nini hakutuma mtoto kuniita. Akajibu polepole, bila hasira: «Ungesimama wapi? Sasa mvua iko inanyesha kweli.»

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu. Hakuna hata moja lililonipiga kama lile. Niliketi juu ya kitanda kile.

Sasa tufungue Walawi 14. Wengi wetu tunaruka sura hii, tunaona ni mambo ya zamani ya Wayahudi. Inasema habari za nyumba iliyopata pigo. Pigo lile si kunguni. Ni madoa ya kijani na mekundu yanayokula ukuta. Lakini angalieni namna Mungu alivyopanga. Kwanza mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kwa kuhani na kumwambia kwamba anaona kitu kama pigo katika nyumba yake. Hangoji jirani amseme. Pili, kabla kuhani hajaingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Ona huruma hiyo: sheria inalinda sufuria na mikeka ya mtu. Tatu, na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikakaa kimya, kuhani anaingia. Hatazami kwa dirisha. Hatumi mtoto. Anaingia katika nyumba ile yenye pigo, anatazama kuta, anatoka, anafunga mlango siku 7, halafu siku ya 7 anarudi tena. Anaagiza mawe mabaya yatolewe, kuta zikwanguliwe, udongo mpya upakwe. Baadaye anarudi tena kuangalia.

Na yule aliyeingia wakati nyumba imefungwa? Ni najisi mpaka jioni. Mpaka jioni tu! Aliyelala au kula mle ndani, afue nguo zake. Hiyo ndiyo bei yote. Mimi nilikuwa nimemtoza yaya karibu miaka miwili kwa kitu ambacho sheria ya Musa inakimaliza kwa kufua nguo.

Tena mwenye nyumba hakuulizwa: ni nani anayekuchukia? Ninasema hivi kwa sababu kuna watu kati yetu wanaosema kunguni wametumwa na wachawi, halafu wanaanza kumtazama mtoto yatima anayelala jikoni. Jihadharini sana na jambo hilo. Kwa yaya hatukuhitaji maono. Kunguni waliingia na kitanda cha mbao ambacho marehemu alikinunua sokoni, kilichokwisha kutumiwa na wengine.

Wala wasije wakasema ni uchafu au umaskini. Mwaka 2023 mji wa Paris, kule Ufaransa, ulijaa kelele kwa sababu ya kunguni. Watu waliogopa viti vya treni na vya sinema. Kunguni haulizi mshahara wa mtu. Anataka damu na mahali pa kujificha, basi. Tofauti ni kwamba tajiri ananunua godoro lingine, na maskini anabaki na lile lile.

Nimejifunza habari zake, na ninawapa kidogo, maana woga wetu mwingi unatoka katika kutojua. Kunguni haruki wala hapigi mbio kama kiroboto, anatembea. Mkubwa wake ana milimita 5 hivi. Mchana anakaa katika mishono ya godoro, katika nyufa za kitanda na za ukuta, katika pindo la chandarua. Jike anataga mayai mamia katika maisha yake, meupe, madogo sana, na mahali pa joto yanaanguliwa kwa siku 6 mpaka 10 hivi. Anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuhama chumba na kumwacha afe njaa ni kujidanganya. Anawasha, ananyima usingizi, lakini wataalamu hawajapata kwamba kuuma kwake kunaleta ukimwi au malaria. Yaya aliugua kwa mbu, si kwa kunguni.

Dawa? Zile za kupuliza zinazouzwa sokoni mara nyingi hazimwui, maana amezizoea. Si jambo jipya: kule Hawaii, mwaka 1947, tayari walikuwepo kunguni ambao dawa ya DDT haikuwashinda. Na ninaomba kwa nguvu, msipulize dawa ya mashamba katika chumba wanapolala watoto, wala msipake mafuta ya taa kitandani. Kitu kinachomwua bila shaka, yeye na mayai yake, ni moto: joto la kupita digrii 50. Maji yanayochemka yanatosha, yakimfikia mahali alipo.

Basi tulifanya kama Walawi. Yaya alipopona, nilimwambia wazi, ndani ya nyumba, si juu ya ua: yaya, kunguni wako wengi, nimekukimbia kwa ajili yao, nisamehe, Jumamosi nitakuja na watu. Alilia. Halafu akacheka, akauliza kama nitaleta na makala. Nilileta, pamoja na vijana sita wa kwaya na bibi yangu, ambaye alivaa kitenge cha zamani akakaza kichwa kama mtu anayekwenda vitani. Tulitoa kila kitu nje. Tulichemsha maji katika pipa. Kitanda tulikifungua vipande vipande na kumwagia kila ufa. Nguo, shuka na vyandarua vilichemshwa. Godoro moja lilikuwa limeharibika kabisa, tukalichoma. Lingine tulilishona ndani ya plastiki nzito. Kuta tuliziziba kwa simenti kidogo na udongo. Mama mmoja jirani alisimama kwenye njia akituangalia, halafu akaingia kwake akarudi na ndoo. Kumbe na yeye!

Tulirudi baada ya siku 7. Sisemi Musa alikuwa anahesabu mayai ya kunguni, lakini siku zile zilitufaa, maana walioanguliwa tuliwakuta wadogo bado. Mara ya tatu tulikuta wawili. Mara ya nne hakuna. Mvua zilikuwa zimekwisha wakati huo, na kazi iliyoanza mwezi wa tatu ilifika mwezi wa tano. Asiwadanganye mtu kwamba inakwisha kwa siku moja ya bidii.

Ninajua mtaniuliza: shemasi, na sisi wenye watoto wadogo, tukimbie kuleta balaa nyumbani? Swali hilo ni la haki. Hekima si dhambi. Usiweke mfuko wako juu ya kitanda cha watu. Kaa juu ya kiti cha ubao au cha plastiki, si juu ya kochi. Ukirudi, vua nguo mlangoni, zitie katika maji ya moto. Kama ni vigumu kulala, sema kweli kwamba hutalala, na sema kwa nini, halafu rudi kesho yake na sufuria. Mtu anaweza kuvumilia ukweli wa ndugu anayeingia. Asichoweza kuvumilia ni ndugu anayeona wingu mwezi wa saba.

Na wewe uliye nao nyumbani, usifiche mpaka wageni wauawe usingizi. Fanya kama mwenye nyumba wa Walawi, nenda ukaseme.

Nimesoma tena Ayubu. Katika sura ya 19 analia kwamba ndugu zake wamekaa mbali naye, hata pumzi yake imekuwa chukizo kwa mkewe. Katika sura ya 42 ndugu na dada wote wanakuja, wanakula chakula katika nyumba yake, wanampa kila mtu kipande cha fedha na pete. Lakini angalia mstari uliotangulia: Bwana alikuwa amekwisha kumrudishia mali. Walikuja wakati nyumba ilikuwa safi. Mimi pia nilikuwa ninangoja hivyo. Lakini tarehe 6 mwezi wa nne mwaka 1921, pale Ngombe Kinsuka, Papa Simon Kimbangu hakungoja Nkiantondo apone ndipo apite kwake. Aliingia alimokuwa amelala mgonjwa, akaweka mikono. Tunasimulia habari hiyo kila mwaka, tunavaa nguo nzuri, tunapiga ngoma. Na tunasema Upendo, Sheria, Kazi. Mimi nilikuwa na maneno mawili ya kwanza mdomoni. La tatu lilikuwa limebaki nje chini ya mwembe.

Kile kiti cha mbao bado kiko kwa yaya. Sasa watoto wakiniona njiani wanakikimbiza ndani, wanakiweka karibu na meza, na wanagombana nani atakaa kwenye goti.

Jumamosi hii tunakwenda kwa yule mama aliyesemwa siku ya nsinsani. Yeye mwenyewe amekuja kuniambia, na amekubali niandike. Yule aliyemsema atakuja pia. Ndiye aliyeomba kupika bukari na sombe, na tutakula mle ndani, saa saba. Tunaanza saa moja asubuhi. Tunazo sufuria, lakini pipa letu limetoboka. Mwenye pipa la kuchemshia maji atuletee Ijumaa jioni, na yeyote mwenye simenti iliyobaki, hata nusu ndoo.