Nyungunyungu Ana Kosa Gani?

Mwenye uwanja wa majani mbele ya nyumba yake huko Uingereza hupenda uwe sawasawa kama zulia. Asubuhi ya baada ya mvua huona vichuguu vidogo vya udongo vimetapakaa juu yake. Hukasirika, akatafuta sumu. Twauliza: je, yajuzu kukiua kiumbe kisichotudhuru ila machoni?

Yataka kwanza tumjue mshitakiwa. Nyungunyungu hana macho wala masikio wala mapafu. Hupumua kwa ngozi, nayo sharti iwe na unyevu. Jua kali humwua. Hula majani yaliyooza pamoja na udongo, na kimtokacho ndicho kile kichuguu, nacho ni mbolea.

Karibu na nyumba ya Charles Darwin, katika jimbo la Kent, vipande vya chokaa vilitawanywa juu ya konde mwaka 1842. Lilipochimbwa mwaka 1871, vilikutwa inchi 7 chini ya majani. Hapana mtu aliyevifukia. Ni nyungunyungu, kwa kupandisha udongo juu kidogo kidogo miaka 29.

Basi mwenye uwanja ni kama bwana amfukuzaye mkulima wake kwa sababu ya matope ya miguuni. Atasema: “Walakini vichuguu vyatia kisu changu butu, na mguu huteleza.” Ni kweli, wala hatumkatalii. Lakini na angoje vikauke, kisha ashike ufagio. Vitavunjika vikawa unga, vikarudi mizizini.