Je, Mwenye Kuchagua Ubaya Mdogo Ana Kosa?



Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja mwenye kupenda kusikiliza redio aliniuliza: «Mwalimu, watu wa Marekani wamezoea tangu zamani kujichagulia wakubwa wao. Mbona nasikia kila mara kwamba wamechoshwa na vyama vyao viwili, tena hawaiamini serikali yao?» Nikamjibu upesi kwamba binadamu hatosheki. Lilikuwa jibu la uvivu, na usiku lilininyima usingizi. Nataka leo kumjibu vizuri zaidi, maana swali lake ni swali la dhamiri, si la siasa tupu.

Kwanza mjue kwamba vyama hivyo havikuamriwa na sheria. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, haitaji chama hata kimoja. George Washington, rais wa kwanza, alipokaribia kuacha kazi mwaka 1796, aliwaandikia raia wenzake barua ya kuwaaga, akawaonya kwamba roho ya vyama yaweza kuwagawanya na kumfungulia njia mtu mwenye tamaa ya kutawala peke yake. Wakamsifu kwa barua ile, kisha wakashika vyama vyao. Tangu mwaka 1869 hakuna rais asiyetoka kwa Wademokrati au kwa Warepublikani.

Labda mtauliza: je, hakuna mtu wa tatu? Yupo, lakini njia yake ni nyembamba. Rais hachaguliwi kwa kuhesabu kura zote za nchi pamoja. Huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo, na karibu kila jimbo humpa wajumbe wake wote yule aliyewapita wenzake humo. Mwaka 1992 tajiri mmoja, Ross Perot, alipata karibu kura 19 katika kila 100. Alipata wajumbe wangapi? Hata mmoja. Basi mwenye kuona hayo husema moyoni: nikimchagua ninayempenda, kura yangu itapotea, afadhali nimchague huyu nisiyempenda, ili yule ninayemwogopa asishinde. Miaka hupita, na mtu huzeeka bila kumpigia kura mtu aliyemtaka kweli.

Sikilizeni habari ya mwaka 1964. Rais alikuwa Lyndon Johnson, Mdemokrati. Mshindani wake, Barry Goldwater, Mrepublikani, alinena maneno makali juu ya vita, hata watu wakamwogopa. Johnson aliahidi kwamba hatawapeleka vijana wa Marekani mbali kupigana vita vilivyowapasa vijana wa Asia wenyewe. Watu wakachagua ubaya mdogo, kama walivyodhani, wakampa ushindi mkubwa sana. Mwezi wa Machi 1965 askari wa Marekani wakashuka Da Nang, katika nchi ya Vietnam, na mwaka 1968 walikuwa wamepita 500,000. Ndipo watu wakageukia upande wa pili, wakamchagua Richard Nixon, Mrepublikani, aliyeahidi amani yenye heshima. Askari wa mwisho wa kupigana walirudi kwao mwaka 1973. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo, na Wavietnam waliokufa walizidi hesabu hiyo mara nyingi. Nixon mwenyewe alijiuzulu mwaka 1974, kwa sababu ya kuficha maovu ya watu wake.

Na Bunge lilikuwa wapi? Katiba imelipa Bunge, si rais, uwezo wa kutangaza vita. Lakini tarehe 7 Agosti 1964, baada ya habari za meli za Marekani kushambuliwa baharini (na shambulio la pili, ilijulikana baadaye, halikutokea), Bunge lilimpa Johnson ruhusa ya kutumia nguvu kama aonavyo yeye. Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 416, pasipo hata mmoja kukataa. Katika Seneti walikubali 88, wakakataa wawili tu: Wayne Morse na Ernest Gruening. Mwaka 2001, tarehe 14 Septemba, siku tatu baada ya mauaji ya New York na Washington, ilikuwa vile vile: wawakilishi 420 walikubali, akakataa mama mmoja, Barbara Lee. Na ruhusa ile ilitumiwa kwa miaka mingi na marais wa vyama vyote viwili.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Vyama vile hugombana kutwa juu ya nani ashike fimbo. Juu ya urefu wa fimbo hugombana kidogo, maana kila kimoja hutumaini kuishika kesho. Raia wameliona hilo. Mwaka 1964 Wamarekani 77 hivi katika kila 100 walisema wanaiamini serikali yao kutenda yaliyo haki mara nyingi. Tangu mwaka 2007 hawajapita 30.

Basi mwenye kuchagua ubaya mdogo ana kosa? Kwa kuchagua kwake, mimi nasema hapana. Lakini aweza kukosa baada ya kuchagua, anapomsamehe mtu wake jambo lile lile ambalo angempigia kelele mtu wa upande wa pili. Na anayekaa nyumbani siku ya kura ili asichafue mikono? Zamani nilimsifu. Leo nasita: mwaka 2000 urais ulikatwa kwa tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida, na mamilioni ya watu wa jimbo hilo walikuwa hawakupiga kura.

Nilipomsimulia kijana wangu habari ya maseneta wale wawili, aliuliza: «Watu waliwapa tuzo gani?» Nikamwambia kwamba mwaka 1968, wakati vita vile vimekwisha kuchukiwa na wengi, wote wawili walipoteza viti vyao. Morse alishindwa na Mrepublikani kwa kura elfu chache. Gruening alikataliwa na watu wa chama chake mwenyewe.