Shubiri moja ya ardhi na bomba la mafuta

 

Ndugu zangu Waislamu, tarehe 31 Oktoba 2012, zikiwa zimebaki siku chache Wamarekani wapige kura, mgombea mmoja wa urais alikamatwa na polisi katika jimbo la Texas. Mama huyo ni Jill Stein wa Chama cha Kijani, chama cha watetezi wa mazingira. Alikuwa akiwapelekea chakula watu waliopanda juu ya miti na kukaa huko ili kuzuia njia ya bomba la mafuta la Keystone XL, mali ya kampuni ya TransCanada kutoka Kanada. Kosa lake likaandikwa kuwa ni kuingia pasipo ruhusa.

Tazama mambo yalivyogeuka. Kampuni ya nchi nyingine inapita katika shamba la mkulima aliyekataa kuuza, na hiyo haiitwi kuingia pasipo ruhusa. Katiba ya Marekani inasema mali ya mtu isitwaliwe kwa matumizi ya umma ila kwa fidia ya haki. Ugomvi wote uko kwenye neno “umma”. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliuruhusu mji wa New London kuwatoa watu majumbani mwao kwa ajili ya mradi wa uwekezaji. Nyumba zikaondolewa, mradi ukafa, eneo likabaki tupu miaka na miaka. Na huko Texas, kampuni ya bomba ilikuwa ikitia alama tu kwenye fomu kujitangaza kuwa inasafirisha mafuta kwa ajili ya umma, basi imepata nguvu ya kutwaa ardhi. Mpaka mahakama ya juu ya jimbo ikasema mwaka 2011 kwamba alama kwenye fomu haitoshi.

Hawa Kijani hoja yao kubwa ni hali ya hewa: wanataka mafuta yaachwe ardhini. Hapo tunaweza kutofautiana nao. Mafuta si haramu, na sisi wakazi wa mijini tunaopanga foleni kwenye vituo vya mafuta hatuna uso wa kusema vingine. Lakini waliposimama upande wa mkulima anayenyang’anywa shamba, wamesimama mahali ambapo Uislamu ulikwishasimama. Asije mtu akasema hao ni makafiri, tuna nini nao. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud’an mkataba wa Hilful Fudhul, uliofungwa na washirikina kwa ajili ya mgeni aliyedhulumiwa bidhaa zake Makka. Baada ya kuwa Mtume akasema kwamba angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika.

Sasa tuangalie dini inasemaje. Alipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alitaka kujenga msikiti kwenye kiwanja cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wenyewe wakataka kukitoa bure kwa ajili ya Allah. Akakataa mpaka akinunue. Huo ni msikiti, ndugu msomaji, na mnunuzi ni Mtume wa Allah! Na ni yeye aliyetuonya, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa anayetwaa shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Wapo watakaoleta hoja ya Sayyidna Umar (r.a.), na ni hoja nzito, haifai kufichwa. Alipopanua Msikiti wa Makka, baadhi ya majirani walikataa kuuza nyumba zao. Akazibomoa, na thamani yake akaiweka katika hazina ya Al-Kaaba mpaka wenyewe wakaichukue. Na ipo ya pili, inayofanana zaidi na bomba. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika shamba la Muhammad bin Maslama, naye akakataa. Kesi ikafika kwa Umar, akaapa kuwa mfereji utapita hata ikibidi upite juu ya tumbo lake!

Basi hapo watu wa makampuni watashangilia. Lakini wasome hukumu yote. Umar alimuuliza mwenye shamba kwa nini anamnyima nduguye kitu chenye manufaa kwake, hali yeye mwenyewe atayanywesha mazao yake kwa maji hayo mwanzo na mwisho, na hakuna dhara litakalompata. Wanazuoni wamekhitilafiana hata juu ya hukumu hiyo, pamoja na sababu zake zote. Je, mkulima wa Texas atanywesha nini kwa mafuta mazito? Bomba likipasuka, ni kisima cha nani kitakachoharibika?

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah likalitolea uamuzi jambo hili hili. Likasema serikali yaweza kutwaa ardhi ya mtu kwa dharura au haja ya umma, kama misikiti, barabara na madaraja, kwa fidia ya haraka ya thamani kamili inayokadiriwa na wataalamu. Kisha likaweka sharti ambalo wengi hulipita haraka: ardhi iliyotwaliwa isiishie kwenye uwekezaji, uwe wa umma au wa watu binafsi. Likikosekana sharti, kutwaa huko ni dhulma na ughasibu. Na kabla ya hapo kanuni za Majalla za dola ya Uthmania zilikwishaeleza kuwa mali haitoki mkononi mwa mwenyewe kwa ajili ya barabara mpaka kwanza alipwe thamani yake.

Kipande cha kusini cha Keystone kilijengwa, mafuta yakaanza kupita Januari 2014. Kile cha kaskazini kilifutiwa kibali na Rais Biden Januari 2021, na Juni mwaka huo kampuni ikaachana nacho. Lakini sisi tunalo letu. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa imo Tanzania. Katika hisa zake TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania 15 kila moja. Mwaka 2023 Human Rights Watch walieleza jinsi familia zilivyofanyiwa tathmini kisha zikasubiri fidia kwa miaka, hazijui zipande nini. Desemba mwaka huo mahakama ya Hoima iliruhusu fidia ya familia 42, katika mradi wa visima vitakavyolijaza bomba hilo, iwekwe mahakamani nazo ziondolewe.

Patasemwa: si ndivyo alivyofanya Umar Makka? Umar aliweka thamani kamili, kwa ajili ya Nyumba ambayo kila Muislamu ana haki ndani yake. Hapa mthamini alihesabu migomba na mihogo kwa bei ya mwaka mmoja, malipo yakaja mwaka mwingine, na ardhi ya jirani imekwishapanda. Kuna mashamba yaliyokwishalipwa kwa hesabu hiyo na karatasi zikatiwa dole gumba. Hao nao wanadai tofauti yao, na mdaiwa anajulikana kwa asilimia za hisa.