Muziki wa Ikulu ni Mali ya Nani?

Katika lugha ya Kirundi neno ingoma hubeba maana mbili ambazo Kiswahili kimezitenga. Maana ya kwanza ni chombo kile tukijuacho sote, gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi. Maana ya pili ni enzi, utawala, ufalme. Mrundi wa zamani alipotaja ingoma ya mfalme fulani aliweza kukusudia zama zake zote, wala si chombo peke yake. Sisi walimu wa Kiswahili wa Bujumbura, tunaopita kila siku baina ya lugha hizi mbili, hatuna budi kujiuliza neno hilo linatufunza nini. Ikiwa ngoma na ufalme ni neno moja, je, ufalme ukiondoka ngoma hubaki kuwa mali ya nani? Na je, ni haki mwananchi wa kawaida aketi mchana kweupe, aburudike kwa muziki uliotengenezwa ili kumtukuza bwana aliyewatumikisha babu zake?

Swali hili si la kubuni. Kutoka Bujumbura kwenda Gitega ni mwendo wa kilomita 100 hivi, na karibu na Gitega kipo kilima cha Gishora. Hapo ndipo mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, alipoweka makao baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtemi aliyemwasi. Jumba la mfalme wa Burundi halikuwa la mawe. Lilikuwa nyumba kubwa ya mviringo, imesukwa kwa matete na kuezekwa kwa majani, ndani ya ua. Na mfalme mwenyewe alikuwa na makao zaidi ya moja, akihama kutoka kilima hiki hadi kingine. Leo wageni hufika Gishora mchana, huketi mbele ya nyumba ya namna hiyo, na hutazama wapigaji wakiingia wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga. Ngoma moja, inkiranya, huwekwa katikati na kuongoza mapigo. Nyingine, ziitwazo amashakwe, hushika pigo lisilokatika. Za tatu, ibishikizo, hufuata mwendo wa ile ya katikati. Ukisikiliza kwa makini utatambua kwamba si kishindo kitupu. Ni mazungumzo yenye mpangilio, kila mmoja akijua zamu yake.

Katika Gishora zimehifadhiwa ngoma mbili tukufu ambazo majina yake yanastahili kufasiriwa darasani. Moja ni Ruciteme, yaani yule ambaye watu humfyekea msitu. Ya pili ni Murimirwa, yaani yule ambaye watu humlimia. Tazama basi jinsi ufalme ulivyojieleza wenyewe bila kificho. Majina hayo hayataji uzuri wa sauti wala ushujaa wa vita. Yanataja jembe na shoka. Yanatukumbusha kwamba nyuma ya kila pigo la ngoma ile palikuwa na mkulima aliyeinama shambani, na kwamba mtama uliolishwa ikulu ulitoka katika mikono yake. Hata sherehe kuu ya umuganuro, ambayo ngoma takatifu Karyenda ilitolewa nje, ilikuwa sherehe ya kupanda mtama. Ngoma ilikuwa ya mfalme, lakini mti wa umuvugangoma ulikatwa na watu, ngozi iliwambwa na watu, na waliopiga walikuwa watu wa koo maalumu waliorithishana kazi hiyo kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Ngoma haikuwa muziki pekee wa makao ya wakubwa. Ulikuwapo pia muziki wa ndani, wa sauti ya chini, nao ni inanga. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, na uzi wake hupitishwa huku na huku hata ukafanya nyuzi kadhaa. Sauti yake ni ndogo mno. Kwa sababu hiyo mwimbaji haimbi kwa koo kubwa, bali hunong'ona, ili sauti yake isiumeze mlio wa nyuzi; na msikilizaji hulazimika kunyamaza na kusogea karibu. Watu wa Ulaya wana fani wanayoiita muziki wa chumba, unaopigwa na watu wachache mbele ya wasikilizaji wachache, ambao zamani ulikuwa starehe ya majumba ya wakuu. Mtu akiuliza kama Burundi ilikuwa na muziki wa chumba, jibu ni kwamba ilikuwa nao, na jina lake ni inanga.

Ni vyema tukatazama jinsi wengine walivyolikabili swali letu, kwa maana si Warundi peke yao waliorithi muziki wa ikulu. Mtunzi Joseph Haydn aliingia mwaka 1761 katika utumishi wa ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria. Alivaa sare ya watumishi wa nyumba ile. Mkataba wake wa mwaka huo ulimkataza kumpa mtu mwingine nakala za tungo zake, au kumtungia mtu mwingine, bila idhini ya bwana wake. Kwa mujibu wa karatasi, muziki ulikuwa wa mwenye jumba. Hata hivyo, leo nani humkumbuka mkuu yule isipokuwa kwa sababu ya mtumishi wake? Muziki umetoka chumbani, na mtu yeyote aweza kuusikia, hata katika majumba yale yale ambayo babu yake asingeruhusiwa kuyaingia isipokuwa kwa mlango wa nyuma.

Karibu zaidi nasi upo mfano wa Unguja. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri kujifunza muziki, ili ikulu yake ipate burudani ya taarabu. Muziki huo ulianza kuwa wa sultani na wageni wake, tena kwa Kiarabu. Akatokea Siti binti Saad, mtoto wa shamba, mzaliwa wa Fumba, ambaye alipata kuuza vyungu. Yeye aliuimba kwa Kiswahili, akauingiza ndani yake mambo ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Siti hakuvunja lango la ikulu kwa shoka. Aliingia kwa sauti yake, na alipotoka muziki ulitoka naye. Lugha yetu ina deni kwake, na sisi tunaoifundisha tunapaswa kulikumbuka.

Hapa Burundi mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Bendera ya ufalme huru wa mwaka 1962 ilikuwa na picha ya ngoma pamoja na mmea wa mtama katikati. Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ulifutwa, jamhuri ikatangazwa, na ngoma ikaondolewa katika bendera. Mtama ulibaki peke yake kwa miezi michache, kisha mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu. Lakini ngoma yenyewe haikunyamaza. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapigaji waliendelea kupiga. Na ngoma iliyokuwa ikimpigia mfalme ikawapokea wageni wa taifa, ikasikika katika sikukuu na arusi za Bujumbura, na mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Wapo wanaosema kwamba urithi huo una doa. Kwa rai yao, muziki uliozaliwa katika unyenyekevu utabaki na harufu ya unyenyekevu, na mtu aliyekombolewa hana haja ya kuushangilia. Rai hii ina uzito, wala haifai kuipuuza. Lakini ukiichunguza utaona kwamba inampa mfalme zaidi ya kile alichokuwa nacho. Mfalme alikuwa na amri juu ya mpigaji. Hakuwa na mikono ya mpigaji. Hakubuni yeye mwendo wa inkiranya, wala hakujua yeye ni mti upi utoao sauti na upi usiotoa. Tukiutupa muziki kwa sababu ya aliyeusikiliza kwanza, tutakuwa tumewafuta tena wale wale ambao majina yao hayakuandikwa. Itakuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wapo wengine wasemao kinyume, kwamba ngoma ni takatifu na kwa hiyo izungushiwe ua. Wao husikitika wanapoiona ikipigwa ovyo ili kupata fedha, na hawakosi hoja, maana ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwezi wa Oktoba 2017 ilitolewa amri ya rais iliyowakataza wanawake kupiga ngoma ya kifalme, ikataka vikundi viandikishwe, ikazuia maonyesho nje ya sherehe rasmi bila idhini ya wizara, na ikaweka malipo kwa hazina ya serikali. Kabla ya hapo baadhi ya vikundi vya wanawake vilikuwa vimekwisha kujifunza kazi hiyo. Nia ya kulinda heshima ya ngoma tunaielewa. Lakini hatuna budi kutofautisha ulinzi wa aina mbili. Mzee wa Gishora anayemfundisha mjukuu wake namna ya kushika fimbo, naye huyo huyo akimkemea anapopiga bila adabu, anailinda ngoma kwa kuiongezea watu wanaoijua. Amri ya kibali huilinda kwa kupunguza mikono. Ulinzi wa kwanza hauna haja ya ikulu. Ulinzi wa pili huijenga ikulu upya hata kama hakuna mfalme wa kuikalia. Na hapo ile maana ya pili ya neno ingoma hurudi kuimeza ile ya kwanza.

Iko hatari ya tatu, ambayo haina lango wala askari. Mwaka 1967 wapigaji wa Burundi walirekodiwa kwa ajili ya santuri ya Kifaransa. Mwaka 1971 mapigo hayo yalichanganywa na ala za kizungu yakauzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliyatumia katika wimbo wake mmoja. Dunia ilicheza. Lakini wengi waliolijua jina la Burundi kwa njia hiyo hawakumjua hata mpigaji mmoja kwa jina. Huo nao ni ukabaila, ingawa hauvai taji: kuchukua sauti na kumwacha mwenye sauti. Mtalii apigaye picha dakika tano kisha akageuka kuzungumza na mwenzake, na bwana arusi aitumiaye ngoma kama pambo la ukumbi, wamo katika njia hiyo hiyo.

Basi jibu letu ni lipi? Twaona kwamba muziki wa ikulu ni mali ya wale ambao mikono yao iliufanya, na kupitia kwao ni mali ya kila anayekubali kuusikiliza kama kazi ya watu. Kuburudika si dhambi. Dhambi ni kuburudika kwa namna ile ile aliyoburudika mfalme, yaani kupokea sauti bila kutaka kujua nani aliyelima, nani aliyefyeka, nani aliyepiga. Mtu huweza kuketi juu ya ukoka wa Gishora bila taji kichwani, na bado akawa mfalme kwa tabia ya masikio yake. Na mtu huweza kuketi hapo hapo akawa mrithi wa haki, ikiwa amejua maana ya Murimirwa kabla ya pigo la kwanza.

Katika jambo hili inanga ndiyo mwalimu bora kuliko ngoma. Ngoma humfikia hata asiyetaka kusikia. Inanga humfikia tu yule aliyenyamaza. Mnong'ono hautambui cheo. Aliye karibu na kimya husikia, awe mtwana au mtawala. Na aliye na makelele hukosa, hata kama jumba ni lake. Katika chumba chenye inanga usawa ulikuwapo kabla ya jamhuri, ingawa ulidumu kwa muda wa wimbo mmoja tu.

Kwa sisi walimu, wajibu unaotokana na hayo ni mdogo na uko ndani ya uwezo wetu. Tunapowapeleka wanafunzi Gitega, au katika Makumbusho Hai ya hapa Bujumbura yaliyoanzishwa mwaka 1977, tusiwapeleke kutazama tu. Tuwafasirie majina ya ngoma kwa Kiswahili sanifu, tuwaulize wapigaji majina yao na kuyaandika, tuwaeleze wasichana wetu historia ya amri ile bila kuificha, na tuwazoeze wote kukaa kimya hata pigo la mwisho litulie. Mtoto wa Buyenzi na mtoto wa mlimani wakiweza kufanya hivyo pamoja, kila mmoja akamweleza mwenzake alichosikia kwa lugha wanayoelewana, ngoma itakuwa imempata mwenyewe.