Bendera na Watu Walio Chini Yake

Somo: Kutoka 17:8–16



Kila mtoto aliyepita shule ya msingi katika nchi yetu huweza kuzitaja rangi nne za bendera ya Taifa bila kusita. Kijani ni ardhi na mimea yake, manjano ni madini, nyeusi ni wananchi, na buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Nimewafundisha watoto hayo kwa miaka mingi, nao waliyaimba kama kasuku, nami nikawapa alama zao.

Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na kijani, nyeusi na manjano tu. Buluu ilitoka Zanzibar, baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Ndipo ule mstari mweusi ulipolazwa mshazari, toka pembe ya chini penye mlingoti hata pembe ya juu upande wa pili. Itazameni vizuri siku mtakapopita mbele ya ofisi ya kata. Nchi kavu iko upande huu, maji yako upande ule, na madini, ambayo siku hizi tunayagombania sana, ni ukingo mwembamba tu. Walio katikati ni watu. Ukiuondoa ule weusi, bendera inakuwa vipande viwili vya kitambaa.

Jirani zetu wa Kenya wanayo nyekundu, kwa ajili ya damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Nasi kanisani hutandika nyekundu mezani pa Bwana siku za mashahidi. Rangi hutukumbusha deni.

Sasa tulitazame somo letu. Waamaleki walipowashambulia Israeli huko Refidimu, Musa alikaa juu ya kilima, Haruni na Huri wakiitegemeza mikono yake mpaka jua likachwa. Vita vilipokwisha hakushona bendera. Alijenga madhabahu, akaiita Yehova-nisi, maana yake Bwana ndiye bendera yake. Neno hilo hilo la Kiebrania ndilo lililotumika katika Hesabu 21 kwa ule mti ambao nyoka wa shaba alitundikwa juu yake, wapate kupona walioumwa. Nanyi mwajua katika Yohana 3 Bwana wetu alimlinganisha nani na nyoka yule.

Lakini liko jambo ambalo Kutoka hakulisemi, nalo twalipata katika Kumbukumbu la Torati 25. Amaleki hakuwapiga mashujaa waliotangulia. Aliwapiga wanyonge waliobaki nyuma ya msafara, wamechoka na kuzimia. Kwa ajili ya hao Mungu alisimama akawa bendera. Je, ndugu zangu, nyuma ya msafara wetu hapa mtaani yuko nani? Wako wasiokuja ibadani kwa sababu hawana nguo ya Jumapili, au wanaona haya kusimama mikono mitupu wakati wa sadaka. Sisi twaimba mbele, hatugeuki.

Siwasemi ninyi peke yenu. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na siku ile ilikuwa zamu yangu. Watoto walisimama mstarini, bendera ikingoja kupandishwa. Nilimwona mvulana mmoja wa darasa la tatu, shati lake limefubaa na lina madoa. Nikamtoa mstarini mbele ya wenzake, nikamwambia arudi nyumbani, asiiaibishe bendera ya Taifa. Ndivyo nilivyomfukuza mtu kwa ajili ya kitambaa ambacho rangi yake ya katikati ni yeye.

Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Jioni nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake akilifua shati lile kwa majani ya mpapai, maana mwaka ule sabuni ilikuwa adimu madukani, nanyi wenye umri wangu mwakumbuka. Lilikuwa shati lake pekee. Nilimwomba radhi mama yule, kisha nikamwomba na mtoto, jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Kesho yake alikuja na shati lile lile, lenye madoa yale yale. Nikampa kamba, akaipandisha bendera.