Siku za Katikati

Fainali za klabu Afrika huamuliwa kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, na katikati yake zipo siku ambazo hakuna mpira unaochezwa. Wachambuzi huziruka siku hizo. Mimi naamini ndizo zinazomwonyesha shabiki alivyo. Mechi ikianza ana cha kutazama, ana wa kumpigia kelele. Katikati ya wiki hana kitu, amebaki na moyo wake na hesabu za magoli.

Mimi ni Yanga wa kurithi, kwa hiyo naanza na ya kwetu. Mei 28, 2023, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 iliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kucheza fainali yake ya kwanza ya Afrika, Kombe la Shirikisho, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Nusu fainali tulikuwa tumeifunga Marumo Gallants nyumbani na kwao Afrika Kusini, na Fiston Mayele alikuwa akifunga kila kona ya bara hili hadi watoto wa chekechea wakajua kutetema, ule mtindo wake wa kushangilia goli. Mimi niliitazama mechi kwenye kibanda umiza, mabega kwa mabega na fundi pikipiki aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini. Waarabu walitangulia dakika ya 32. Tukahangaika kipindi kizima. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha, na yule fundi, ambaye hatukuwa tumesalimiana hata kwa jina, akanikumbatia kwa mikono yenye oili. Mikono ile ilikuwa bado shingoni mwangu Islam Merili alipofunga la pili dakika ya 84. Hakuniachia. Tulisimama hivyo hivyo, tumeshikana, tukiangalia marudio ya goli kwenye skrini kana kwamba marudio yangeleta matokeo mengine.

Siku hiyo ina jambo zito kuliko matokeo. Kwenye msongamano wa kuingia uwanjani mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Aliamka asubuhi akavaa kwa ajili ya fainali kama sisi wote. Kila ninapoandika juu ya hamu ya mashabiki namkumbuka yeye. Hamu ya watu elfu sitini ina nguvu, na inawadai wenye mamlaka mageti yaliyofunguliwa mapema, foleni zenye utaratibu, na tiketi zisizozidi viti. Hilo sitachoka kulisema.

Zikafuata siku tano. Mtaani kila mtu alikuwa mtaalamu wa magoli ya ugenini. Moja bila halitoshi. Mbili bila linatosha. Mbili moja, twende kwenye matuta. Dereva wa bodaboda alinieleza yote hayo akiwa amegeuza shingo barabarani, nikamwomba aangalie mbele kwanza, akaendelea kunieleza. Mama anayeuza vitumbua asubuhi alikuwa na swali moja tu: kipa wetu Diarra yuko salama? Kwamba tulikuwa tumefungwa nyumbani kila mmoja alijua. Lakini tumaini lilikuwa kubwa siku ya Alhamisi kuliko lilivyokuwa Jumatatu, na hakuna kilichotokea katikati kulikuza. Lilijikuza lenyewe kwa kuzungumzwa. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye alikuwa amewazoesha wachezaji kulipwa fedha kwa kila bao, watu wakaliita Goli la Mama, ilitoa ndege ya kuipeleka timu Algiers. Ndege ilipoondoka ilionekana kama nchi nzima imepakia mizigo yake mle ndani.

Wapo wanaoyatazama haya na kusema, huu ni mpira tu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni, akarudi usiku, akaamka tena, mara ngapi katika maisha yake hupewa jambo kubwa la kulisubiri pamoja na majirani? Harusi za ndugu, sikukuu, mtihani wa mtoto. Basi. Fainali humwongezea moja, tena asilohitaji kuchangishwa. Na wasiwasi wake si wa kuchekwa. Yupo anayevaa jezi ileile bila kuifua tangu hatua ya makundi. Yupo asiyeweza kutazama penalti; anageukia ukutani na kusubiri kusikia sauti za wenzake zitasemaje. Namwelewa kabisa. Anajua hana la kufanya kubadili matokeo, na bado anataka afanye kitu, hata kama kitu chenyewe ni kutotazama.

Wasiwasi nisioupenda ni wa mkeka wa kubeti. Kuna kijana alinieleza ameweka fedha kwenye ushindi wa wapinzani, ili timu ikikosa kombe asikose vyote. Nilimwambia wazi kwamba amejinyang'anya mwenyewe fainali yake. Dakika ya mwisho ikifika, mpira uko langoni mwa adui, hatajua aombe nini.

Juni 3 Yanga walicheza Algiers kama watu. Dakika ya 7 Djuma Shaban akafunga kwa penalti, na tangu hapo tulihitaji goli moja tu zaidi katika zaidi ya dakika themanini. Kipindi cha pili wenyeji nao wakapata penalti, na Djigui Diarra akaipangua. Mwenye kumbukumbu ya usiku ule atakumbuka kelele za mtaani kwake wakati ule, kwa sababu hazikuwa za goli na zilizidi za goli. Goli la pili halikuja. Mbili kwa mbili, na kombe likabaki Algeria kwa magoli ya ugenini. Tulishinda mechi tukakosa fainali. Mayele alimaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano, na hilo halikumfariji mtu usiku ule.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya watani zetu. Mei 17, 2025, Simba walifungwa mawili bila na RS Berkane kule Morocco, yote ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yalikuwa Mei 25, siku nane mbele, tena si kwa Mkapa. CAF waliuhamishia mchezo Uwanja wa New Amaan, Unguja, mdogo mara kadhaa. Watu waliokuwa wameapa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu wakaanza kutafuta nauli ya boti na tiketi ambazo zisingewatosha hata robo yao. Hapo mtaani kwetu nilimwona mzee mmoja, Simba wa damu, akiwazuia vijana wasinunue fataki. Alikuwepo kwenye fainali ya mwaka 1993, Simba walipotoka sare bila magoli Abidjan dhidi ya Stella, nchi nzima ikaamini kombe limeshafika, kisha wakafungwa mawili bila hapa hapa Dar es Salaam. Hakuwa anakata tamaa. Alikuwa analinda tumaini lake lisichezewe.

Wenzangu wa Jangwani, mashabiki wa Yanga, walikuwa wameshaandaa maneno. Mimi najua utani, nimelelewa ndani yake, na sitaki mtu auue. Ila utani wa jadi una upande wa pili tunaousahau. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka wasiowajua wanashtuka, lakini ukipatwa na msiba mtani wako huja kushika kazi, na ndiye anayekuchekesha huku macho yakiwa mekundu. Haki ya kukucheka anaipata kwa sababu atakuwepo siku mbaya. Anayecheka tu bila kuwepo hajawa mtani.

Joshua Mutale alifunga dakika ya 17, na Unguja ikawaka. Nitasema ukweli, nami nilisimama. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, goli la Steven Mukwala likafutwa baada ya VAR, na katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Moja moja. Simba wakiwa kumi walikuwa bado wanakimbilia mpira.

Hivyo 1993, 2023 na 2025: fainali tatu, na kombe halijavuka forodha yetu. Litavuka. Na kabla halijavuka, klabu mojawapo itafika tena fainali, na kutakuwa na siku za katikati. Ndugu yangu wa Jangwani, ikiwa ni Simba, mwachie jirani yako siku hizo ahesabu magoli yake kwa amani. Nawe Simba wa Msimbazi, ikiwa ni sisi, tuachie zetu. Maneno yote yawekwe hadi kipyenga cha mwisho cha mechi ya pili, na hata baada yake, kwanza mpe mkono.